Pikapu ya zamani inavuja maji ndani? Usizibe, zibua kwanza

Leo sina habari za siasa wala za Simba na Yanga. Nimeamua kuandika hii kitu maana kila mvua zikishika huku kwetu Bukene, Novemba mpaka Aprili huko, madereva wananiuliza swali moja tu: "Dogo, gari inavuja, nitie silikoni wapi?" Jibu langu fupi ni hili: usitie popote kwanza. Jibu refu ndo hili hapa, na kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha basi liprinti kabisa ukasomee nyumbani.

Kwa msioijua, Bukene ipo wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928. Mpunga, karanga na pamba vinatoka vijijini kwa baiskeli, kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwa pikapu. Na pikapu zenyewe nyingi ni Toyota Hilux za dizeli zilizokula chumvi nyingi. Ya mjomba wangu ni ya lile toleo lililoanza mwaka 1988, na ndiyo niliyojifunzia. Mimi si fundi wa cheti. Nilimaliza fomu foo, nikawa utingo wa mjomba, basi.

Kilichonifanya nilishike hili suala ni usiku mmoja wa mvua. Tulikuwa tunampeleka jirani yetu mjamzito hospitali ya wilaya Nzega, uchungu umeshaanza, mara taa zote zikakatika. Giza totoro, barabara yenyewe imegeuka mto. Nikashuka na tochi ya simu kuangalia boksi la fyuzi, lile lililo pembeni ya mguu wa dereva. Lilikuwa linachuruzika maji kama limetoka kisimani. Tulikwenda mwendo wa kinyonga, mimi nimetoa mkono dirishani na tochi, mpaka tukafika. Mama alijifungua salama, tunamshukuru Mungu. Ila mjomba alinuna siku tatu.

Akaipeleka gari gereji fulani, jina naliacha. Wakampaka silikoni kila mahali, akalipa hela ya magunia mawili ya mpunga. Mvua iliyofuata maji yakawa MENGI ZAIDI. Sababu? Walikuwa wameziba hata yale matundu ambayo kiwandani yalitobolewa makusudi ili maji yatoke.

GARI IMETENGENEZWA IPITISHE MAJI

Hapa ndo wengi tunapoteleza. Tunadhani gari nzima ni kama chupa, maji hayatakiwi kuingia kabisa. Si kweli. Kioo cha mlango kinashuka ndani ya mlango, na pale kinaposhukia maji nayo yanashukia. Ile mipira miwili inayokibana kioo inapunguza tu. Waliounda gari walijua hilo, wakaacha matundu chini kabisa ya mlango. Vivyo hivyo chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapokaa, kuna bati lenye matundu ya kuvutia hewa safi ya kebini. Mvua inaingia humo kila siku. Chini yake kuna kama mfereji, na mfereji una njia za kutokea pande zote mbili, nyuma ya fenda, yanadondoka chini nyuma ya tairi la mbele.

Kwa hiyo maji yakikukuta miguuni, swali la kwanza lisiwe "yameingilia wapi". Jiulize "yameshindwa kutokea wapi".

UJUE KWANZA NI MAJI GANI

Chovya kidole, nusa. Kama yanateleza, yana rangi ya kijani au nyekundu na harufu tamu tamu, hayo si ya mvua. Ni ya rejeta, yanavuja kwenye kirejeta kidogo cha hita nyuma ya dashibodi au kwenye mipira yake, na kioo cha mbele huwa kinashika ukungu wa mafuta mafuta. Hiyo ni kesi nyingine, usiichelewe maana injini itachemka. Angalizo: wengi wetu tunajaza maji ya bomba matupu kwenye rejeta, basi hutaona rangi wala harufu. Tazama kama kapeti linalowa hata siku za jua na kama maji ya rejeta yanapungua.

Kama gari ina kiyoyozi na inalowa siku ya jua kali tu ukiwa umekiwasha, ni kimpira chake cha kutolea maji kimeziba, kile kinachodondosha matone chini ya gari. Kizibue, umemaliza.

Ikilowa siku ya mvua au ukiosha gari tu, endelea kusoma.

KUMTAFUTA MCHAWI

Toa siti, toa kapeti lote. Najua ni kazi, lakini kapeti linanyonya na kusafirisha maji, utalaumu mlango wa kushoto kumbe tatizo lipo kulia. Kausha sakafu, kisha tandika magazeti ya zamani. Gazeti linaonyesha tone la kwanza lilipoangukia.

Huku bomba lenye presha ni ndoto, tunatumia ndoo na kopo. Na ni bora zaidi, maana presha kubwa inasukuma maji hata pasipo na tatizo. Mmoja akae ndani na tochi, mlango umefungwa. Mwingine amwage taratibu KUANZIA CHINI kwenda juu: kwanza chini ya mlango, halafu dirisha, halafu lile bati la waipa, kisha kingo za kioo cha mbele, kioo cha nyuma, mwisho paa. Kila sehemu subirini kama dakika tano hivi. Ukianza kwa paa maji yatashuka kila mahali na hutajua kitu. Mimi nilikaa ndani, mdogo wangu akamwaga. Kopo la pili tu kwenye bati la waipa, upande wa abiria maji yakaanza kutoka kwenye feni ya hewa kama chai inavyomiminwa, na upande wa dereva yakateremka ukutani moja kwa moja mpaka kwenye fyuzi. Mchawi huyo!

KUZIBUA

Bati la waipa ndo penye matatizo mengi, hasa kwetu. Mkoa wetu ni wa miembe. Wazee wanasema ilienea enzi za misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani kuja Tabora na kuendelea Ujiji, na kila dereva anagombea kivuli chake. Mwembe ukitoa maua wakati wa kiangazi, yale maua makavu madogo kama unga yanaingia kwenye matundu ya bati, yanakaa kimya. Mvua ya kwanza ikija yanakuwa uji. Mfereji unaziba, maji yanapanda mpaka yanavuka ukingo wa njia ya hewa, yanaingia ndani.

Fungua waipa, fungua skrubu na klipu za bati, taratibu maana plastiki ya zamani inavunjika kama biskuti. Toa uchafu kwa mkono. Mimi nilijaza ndoo ndogo nzima, na humo kulikuwa na kiota cha panya. Kisha tafuta zile njia za kutokea pembeni. Usitumie spoku ya baiskeli, inakwaruza rangi na hapo kutu inapata mlango. Waya wa breki ya baiskeli ni mzuri, unapinda. Ukunje ncha, uuingize kutokea chini ukienda juu ili uchafu urudi kwenye nafasi pana. Halafu mimina maji: yatoke nyuma ya tairi la mbele pande ZOTE mbili, tena kwa kasi. Yakitoka kwa kudondoka bado hujamaliza. Fundi pancha akikupa upepo wa kompresa, sawa, ila kwa upole.

Kwenye yetu ilibidi pia nikwangue silikoni ya wale jamaa kwa kipande cha plastiki. Siku mbili nzima.

Milango ni rahisi. Lala chini, tazama ukingo wa chini, utaona matundu marefu membamba. Ukifungua na kufunga mlango ukasikia kama debe lenye maji, yameziba. Chokonoa, simama pembeni maana yanatoka machafu. Ila kama maji yanaingia kebini kwa kupitia mlango, toa ile kava ya ndani uangalie karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma yake. Mafundi wengi wakirekebisha kitasa wanaichana na kuitupa, wanadhani ni takataka. Hiyo ndo inayorudisha maji ndani ya mlango. Kata nailoni nzito, ibandike upya, na sehemu ya chini iingie NDANI ya mlango.

Mipira ya milango: ipake chaki, funga mlango, fungua. Pasipoacha alama ya chaki kwenye bodi hapabani. Na tafadhali, msiipake oili chafu ili ing'ae. Oili inauvimbisha mpira na kuulegeza.

Kioo cha nyuma cha Hilux za zamani kimeshikwa na mpira, ukikauka unapasuka kwenye kona. Mpira mpya ndo dawa.

Kwenye bodi ya mizigo kuna matundu yanayozibwa na pumba za mpunga na maganda ya karanga. Fagia kila ukishusha mzigo.

KUTU NA SILIKONI

Baada ya kuzibua ndo unaruhusiwa kuziba kilichopasuka kweli, kwa mfano maungio ya paa. Lakini ile silikoni ya bei rahisi inayonuka kama siki, usiipake kwenye bati lililo wazi. Ile harufu ni asidi, inaamsha kutu chini yake huku wewe unaona juu pazuri. Tumia ile gundi ya kubandikia vioo vya magari.

Sakafu ipige brashi ya waya mpaka bati jeupe, redioksaidi, rangi, ikauke kabisa kabla hujarudisha kapeti. Gonga kwa bisibisi pale siti na mikanda inapofungwa. Ikizama, achana na rangi, pakachomelewe bati jipya, maana ajali ikitokea siti itang'oka na wewe.

Kagueni na chasisi. Nayo ina matundu ya kutolea maji, na tope likijaa inaliwa kutokea ndani. Msidhani ni shida ya maskini tu: Marekani mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi ya chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia kuliwa na kutu, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Kule wenzetu wana chumvi ya barabarani wakati wa theluji. Sisi tuna tope la mbugani linalokaa miezi sita.

Ya mjomba mpaka leo ni kavu. Boksi la fyuzi nililitoa, nikasugua vituo vyote kwa msasa laini, fyuzi mbili zilizooza tukabadilisha. Gharama yote: redioksaidi, brashi, fyuzi mbili na soda ya mdogo wangu. Na sasa hivi mjomba akitaka kupaki chini ya mwembe, kwanza ananitazama.