Bunduki ya Jina la Uwongo

Karani atuulizapo jina na makao yetu, mara nyingi twanung'unika. Basi na tusikie kisa cha Marekani.

Mwezi wa Machi 1963, Lee Harvey Oswald wa Dallas aliagiza bunduki kwa barua kutoka duka moja la Chicago. Alijiita A. Hidell, na makao aliyoandika yalikuwa sanduku la posta tu. Nani akaaye sandukuni? Mwenye duka hakumwona uso. Bunduki ikafika kwa posta, na tarehe 22 Novemba ndiyo iliyomwua Rais John F. Kennedy.

Walakini sheria ilikawia. Mwaka 1968 waliuawa Martin Luther King na Robert Kennedy, ndipo Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi sheria mpya tarehe 22 Oktoba. Ilikataza maduka ya silaha kumpelekea raia wa jimbo jingine bunduki kwa posta. Tangu hapo mnunuzi sharti aandike jina na makao yake, na kuonyesha hati ya kumtambulisha.

Hati haisomi moyo wa mtu. Lakini humzuia asijifiche kwa urahisi nyuma ya jina lisilo na mwenyewe. Tusione uzito, basi, kumjibu karani.