Maji Yanayotuliza Maumivu: Kuanzia Hamamu ya Kidichi Hadi Ndiva za Upare, Nani Anaruhusiwa Kuingia?

Leo tunaacha kidogo habari za nani kaachana na nani, tunaingia kwenye historia. Msikimbie, hii nayo ina masultani, rais tajiri, uchawi na watu waliofungiwa mlango.

Bila shaka mmeziona zile klipu. Mchezaji maarufu katoka kufanyiwa upasuaji wa goti, wiki chache baadaye yuko ndani ya bwawa la maji ya moto anatembea taratibu kama yuko mwezini. Chini yake komenti ni zile zile: "Hela zinaongea." Sasa swali langu ni hili: maji yenyewe ndiyo ghali, au kuna kitu kingine? Maana bibi wa Vudee, kule milimani wilayani Same, amebeba kuni, ndizi na ndoo akipanda na kushuka mlima miaka hamsini, goti lake halina tofauti na la mchezaji. Tofauti ni klipu tu.

Tuanze na maji yanafanya nini. Hakuna muujiza hapa, ni ile fizikia ya sekondari ambayo wengi tuliikariri ili tufaulu: kanuni ya Archimedes. Ukiingia majini, maji yanakusukuma juu. Yakifika kiunoni, miguu inabeba takribani nusu tu ya uzito wako. Yakifika kifuani, inabaki kama theluthi. Yakifika shingoni, ni karibu sehemu moja ya kumi. Yaani mtu wa kilo 80 ambaye kila hatua nchi kavu inamchoma goti, majini goti lile lile linabeba kama kilo 8.

Kuna mengine matatu. Joto: bwawa la tiba huwa na nyuzi 33 hadi 36 hivi, misuli iliyokaza inalegea. Mgandamizo: maji yanakubana pande zote, yanasaidia uvimbe wa miguu kupungua. Na ukinzani: ukisukuma mkono majini, maji nayo yanakusukuma, kwa hiyo unajenga nguvu bila kunyanyua chuma. Ndiyo maana wataalamu wa fiziotherapia huwatumia maji wagonjwa wa magoti yaliyosagika, mgongo, kiharusi, na waliovunjika mifupa wakishapona vidonda.

Haya, tuingie kwenye historia yenyewe.

Zanzibar, mwaka 1850. Sultani Seyyid Said anajenga hamamu huko Kidichi kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, mtu wa ukoo wa kifalme. Jengo lina kuba, na kuta zake zimenakshiwa kwa plasta ya maua na ndege kwa mtindo wa Uajemi. Bado lipo hadi leo, watalii wanapiga picha. Jina la bibi yule limeandikwa vitabuni. Waliochota maji, waliokata kuni na kuchochea moto ili yeye ajinyooshe kwenye joto, hao hawana majina. Na nadhani mnakubaliana nami kwamba walioumwa migongo zaidi ni wao.

Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akajenga hamamu nyingine Mji Mkongwe, pale mtaa unaoitwa Hamamni mpaka sasa. Hiyo ilikuwa ya watu wa mjini, si ya mke wa mfalme pekee. Mlango ukafunguka kidogo.

Kabla ya hapo huko Ulaya, kwenye milima iliyokuwa chini ya Austria, kulikuwa na kijana wa shamba aitwaye Vincenz Priessnitz, aliyezaliwa 1799. Aliumizwa na mkokoteni, mbavu zikavunjika. Akajifunga vitambaa vilivyoloweshwa maji baridi, akapona. Akaanza kuwatibu na wengine kijijini kwake Gräfenberg. Madaktari wakachukia, watu wakasema sponji anayotumia ina uchawi. Lakini wagonjwa hawakukoma kuja, na mwishowe hata watu wa tabaka la juu wakawa wanapanda mlima kumfuata mkulima asiye na cheti. Kusema ukweli, alizidisha: aliamini maji baridi yanatibu karibu kila kitu, jambo ambalo si kweli. Lakini alifanya Ulaya nzima izungumzie maji kama tiba.

Sasa njooni Marekani. Agosti 1921, mwanasiasa mmoja tajiri wa New York, umri miaka 39, anaugua ghafla na miguu inapooza. Anaambiwa ni polio. Ni Franklin Roosevelt. Mwaka 1924 anasikia kuhusu chemchemi ya maji moto huko Warm Springs, Georgia, yenye joto la nyuzi 31 hivi. Anaingia. Nchi kavu hawezi kusimama bila vyuma vya miguu. Majini, maji yakiwa kifuani, anaweza kusogea. Mwaka 1926 akainunua sehemu yote, ikawa kituo cha wagonjwa wa polio. Mwaka 1933 akawa rais.

Kuna mawili ambayo wengi hawayasimulii. La kwanza: maji hayakumponya. Hakutembea tena bila msaada hadi alipofariki mwaka 1945, hapo hapo Warm Springs. Alichopata ni nguvu za mwili wa juu, nafuu, na moyo wa kurudi kazini. Hiyo ndiyo kazi halisi ya tiba ya maji: inakupa nafasi ya kufanya mazoezi ambayo nchi kavu maumivu yangekuzuia.

La pili linauma zaidi. Warm Springs haikuwapokea wagonjwa Weusi. Mtoto Mweusi wa Georgia aliyepooza kwa ugonjwa ule ule aliishia nje ya geti, wakati waliofanya kazi za ndani ni watu Weusi wenzake. Kelele zikapigwa, na mwaka 1941 ndipo kikafunguliwa kituo cha polio kwa ajili yao huko Tuskegee, Alabama. Maji yalikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni ruhusa.

Hapo ndipo ninapotaka kuwarudisha nyumbani, Upareni.

Maji yanayotoka milima ya Vudee hushuka kuelekea Bangalala, halafu Makanya kule tambarare kwenye ukame. Toka enzi za mababu Wapare wanajua maji ni machache kuliko watu, ndiyo maana wana ndiva. Hayo ni mabwawa ya kuhifadhi maji: usiku mfereji unajaza ndiva, asubuhi inafunguliwa, na kila mwenye shamba anamwagilia kwa zamu. Migogoro ipo, wa juu na wa chini hulaumiana hasa kiangazi. Lakini msingi unajulikana na kila mtu: maji si ya aliyekaribu nayo peke yake.

Tahadhari kabla mtu hajamtumia bibi ujumbe: sijasema aende akajiloweke kwenye ndiva! Maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho, ni ya baridi, kingo zinateleza, halafu ni maji ya kumwagilia mahindi ya watu. Tiba inahitaji maji safi, ya uvuguvugu, yenye kina kinachofahamika, na mtu anayejua anachofanya akiwa pembeni. Mwenye kidonda kibichi, homa, kifafa kisichodhibitiwa au moyo dhaifu asiingie kabla ya kuonana na daktari.

Na msidanganywe na mapicha. Mkoa wetu wa Kilimanjaro una chemchemi ya Kikuletwa, ile mnayoiita Chemka, kila wikiendi imejaa simu na miwani ya jua. Tanga kuna chemchemi za salfa za Galanos, Amboni, ambazo watu wamezisifia kwa ngozi na viungo. Kwenda kuogelea ni raha, na raha nayo ina faida zake. Ila kujiloweka tu si fiziotherapia. Mwaka 2016 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 13 ya mazoezi ya majini kwa wenye magoti na nyonga zilizosagika. Jibu: maumivu hupungua kidogo, na mwili hufanya kazi vizuri zaidi kidogo, kwa muda mfupi baada ya mazoezi. Kidogo, wadau. Anayekuuzia "maji ya kuponya kabisa" anakuuzia sponji ya uchawi.

Lakini hicho "kidogo" kwa mtu asiyelala usiku kwa ajili ya goti si kidogo. Ni kushuka mlimani hadi sokoni na kurudi mwenyewe. Ni dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu kurudi kazini kabla watoto hawajafukuzwa ada. Na kutoka Vudee mpaka KCMC Moshi, kwenye wataalamu, ni zaidi ya kilomita 100, nauli kwenda na kurudi, kila mara.

Mijini kwetu mabwawa yapo: hotelini, kwenye jimu, kwenye shule za kishua. Mengi yanakaa matupu asubuhi za katikati ya wiki. Hakuna anayedai yatolewe bure kwa wote. Saa mbili kwa wiki, mtaalamu mmoja, wazee na majeruhi kumi kwa zamu. Wapare walishayafanya haya na maji ya shamba zamani sana, kabla ya jimu ya kwanza kujengwa.

Kwa hiyo ukiona tena klipu ya staa bwawani, usiandike "hela zinaongea" ukaishia hapo. Andika bwawa la karibu na kwenu liko wapi, na nani ana funguo. Tuanzie hapo chini.