Daraja la lugha mbili: jinsi kiini cha QGIS kilivyofunguliwa kwa Python

Programu ya kompyuta inayochora ramani hudaiwa mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: iwe na kasi ya kupitia mamilioni ya nukta kwa muda mfupi, na iwe nyepesi kiasi kwamba mtu asiye mhandisi wa programu aweze kuiongezea kazi anayoihitaji. Kasi hutokana na msimbo asilia, yaani maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha kama C au C++, kisha yakageuzwa na kompaila kuwa lugha ya mashine kabla programu haijaanza kutumika. Wepesi hutokana na lugha ya skripti kama Python, ambayo mwandishi huiandika na kuiendesha papo hapo bila kupitia hatua hiyo. Historia ya QGIS, programu huria ya ramani inayotumika bila malipo katika Afrika Mashariki kama kwingineko duniani, ni historia ya daraja lililojengwa kati ya pande hizo mbili, na daraja hilo linawahusu wakazi wa Bashay, Dongobesh na Katesh mkoani Manyara, Tanzania, kama linavyowahusu wataalamu wa miji mikubwa.

Wazo lenyewe lilizaliwa kabla ya QGIS. Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, John Ousterhout alianza kuunda lugha ya Tcl baada ya kuona kwamba kila chombo cha kusanifu saketi kilikuwa kikitungiwa lugha yake ndogo ya amri, dhaifu na isiyofanana na nyingine. Aliona heri lugha moja iandikwe vizuri na kupachikwa ndani ya programu yoyote. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro nchini Brazil, Roberto Ierusalimschy, Waldemar Celes na Luiz Henrique de Figueiredo waliunda Lua kwa kusudi linalokaribiana na hilo. Miaka miwili baadaye David Beazley alianza kazi ya SWIG, chombo kinachosoma maelezo ya msimbo wa C au C++ na kuzalisha chenyewe sehemu ya kuuunganisha na lugha za skripti, hivyo kumwondolea mwandishi kazi ya kuunganisha kila kitu kwa mkono. Kutokana na mfano wa SWIG, Phil Thompson aliandaa SIP mwaka 1998, ili maktaba ya Qt, inayotumika kutengeneza madirisha na vitufe vya programu, iweze kutumiwa kutoka Python.

QGIS ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ikaandikwa kwa C++ juu ya Qt. Kwa miaka yake ya mwanzo, aliyetaka kuiongezea kazi mpya alilazimika kuijua C++, kupakua msimbo wote na kuujenga upya kwenye kompyuta yake, sharti lililowafungia nje wapima ardhi, wanajiografia na maofisa mipango wengi. Mlango ulifunguliwa mwaka 2007, toleo la 0.9 lilipotoka likiwa na daraja la Python lililojengwa kwa SIP. Tangu hapo programu-jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya kubwa na kuiongezea uwezo, imeweza kuandikwa kwa faili chache za maandishi zisizohitaji kompaila.

Namna daraja hilo linavyofanya kazi yafaa itazamwe kwa karibu. Katika C++, kitu ni fungu la data lililofungwa pamoja na kazi zinazoishughulikia data hiyo. Safu ya ramani yenye mipaka ya kata, kwa mfano, ni kitu cha aina ya QgsVectorLayer. Mtumiaji wa Python anapoiita safu hiyo, data yenyewe hainakiliwi: Python hupewa ganda jembamba ambalo ndani yake mna anwani ya mahali kitu halisi kilipo katika kumbukumbu ya kompyuta. Akiandika amri ya getFeatures ili apitie kata moja baada ya nyingine, ganda huifuata anwani, hugeuza maandishi na namba za Python ziwe za aina inayoeleweka na Qt, huendesha kazi kwa kasi ya C++, kisha huyavika matokeo ganda jipya na kumrudishia mwandishi. Daraja hupitika pande zote mbili, kwa kuwa kiini cha C++ nacho kinaweza kuita kazi iliyoandikwa kwa Python pale mwandishi alipochagua kuitunga upya.

Ugumu mkubwa wa ujenzi huu haukuwa katika kutafsiri maneno bali katika umiliki. Python huhesabu ni marejeo mangapi bado yanakielekea kitu, na hesabu ikifika sifuri hukifuta. Katika Qt, kwa upande wake, kitu kinaweza kuwa na mzazi, na mzazi akifutwa huondoka na watoto wake. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na kumbukumbu ya kompyuta ni zizi la namna hiyo: Python ikifuta safu ambayo kiini bado kinaichora, programu nzima huanguka; kiini kikifuta safu ambayo Python bado inaishikilia, ganda hubaki tupu, na mwandishi huonywa kwamba kitu alichokiita kimekwisha kuondolewa. Dawa ya SIP ni alama inayoandikwa kwenye maelezo ya kila kazi, kutamka kwamba hapa umiliki unahama. Ndiyo maana safu inapoongezwa kwenye mradi kwa amri ya addMapLayer, mradi huwa ndio mwenye mali, na Python hubaki mgeni anayeruhusiwa kuitazama na kuitumia. Kwa miaka mingi maelezo hayo yaliandikwa katika faili za pembeni. Toleo la 3.0 la QGIS, lililotoka Februari 2018, liliziweka alama hizo ndani ya msimbo wa C++ wenyewe, na faili za daraja zikawa zinazalishwa kutokana nao.

Matunda ya daraja hilo yalifika Tanzania hata kabla ya toleo hilo. Mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ukiwashirikisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Benki ya Dunia na wengine, uliwatuma wanafunzi na wakazi kuchora nyumba, barabara na mifereji ya kata zinazokumbwa na mafuriko. Miongoni mwa zana zilizotumika ni InaSAFE, programu-jalizi ya QGIS iliyoanzia Indonesia na kuandikwa kwa Python, inayolinganisha eneo la hatari na makazi ya watu ili kukadiria watakaoathirika. Bila daraja la mwaka 2007, programu-jalizi ya namna hiyo isingeandikika kwa Python.

Manyara ina sababu yake ya kulitazama jambo hili kwa uzito. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, vikaangukia mji wa Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80. Takwimu za kuchunguzia miteremko kama hiyo zipo: zile za mwinuko wa ardhi zilizokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mnamo Februari 2000 zilitolewa bure kwa Afrika mwaka 2014, zikiwa na nukta moja kwa takriban kila mita 30. Maktaba ya GDAL, iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998 na kuunganishwa na Python kwa SWIG, huweza kuzigeuza takwimu hizo kuwa ramani ya mteremko kwa mistari michache ya skripti, na QGIS ikaionyesha ramani hiyo juu ya mipaka ya vijiji.

Skripti haizuii mlima kuporomoka, wala ramani ya nukta za mita 30 haichukui nafasi ya mwanajiolojia aliyefika bondeni kwa miguu yake. Hata hivyo mteremko wa Bashay, malisho ya Wadatoga wa Hanang na mashamba ya Wairaqw kwenye miinuko ya Mbulu vinajulikana zaidi na wanaoishi humo, na waliolijenga daraja hili walikwisha kuifanya sehemu ngumu ya kazi. Kilichobaki ni shule za sekondari, vyuo na halmashauri za Manyara kuwafundisha vijana Python ya ramani, ili mipango ya ardhi yao iandikwe na mikono inayoijua ardhi hiyo.