Boda Boda: Neno la Mpakani Lililohamia Bwaise

Boda boda ni pikipiki ya kukodi inayobeba abiria nyuma ya dereva. Jina hilo linajulikana Uganda, Kenya na Tanzania, na limetokana na neno la Kiingereza "border", yaani mpaka wa nchi. Bwaise, mtaa wa Kawempe kaskazini mwa Kampala, hauko karibu na mpaka wowote. Busia, uliko mpaka wa Kenya, iko kiasi cha kilomita 200 upande wa mashariki. Hata hivyo, pale Barabara ya Bombo inapokutana na Northern Bypass, neno hilo husikika kutwa kucha. Lilifika hapo likiifuata kazi iliyobadilisha chombo, mahali na wateja, lakini haikubadilisha jina.

Waingereza wenyewe walilipokea neno "border" kutoka Kifaransa cha zamani katika karne ya 14. Kwa Wafaransa, "bordure" lilikuwa pindo au ukingo wa kitu. Mzizi wake, "bord", ulitoka katika lugha za jamii ya Kijerumani, ambamo maana ya ubao na maana ya ubavu wa meli ziliingiliana tangu mapema. Katika Kiingereza neno hilo lilikusanya maana nyingi: pindo la nguo, urembo unaozunguka ukurasa, kitalu cha maua kandokando ya bustani, na mstari unaotenganisha nchi. Katika ukoo huohuo limo neno "board", ambalo Waswahili walilichukua mara mbili, katika bodi ya shule na katika shule ya bodingi. Kati ya maana zote za "border", iliyoshika Afrika Mashariki ni ya mpaka wa nchi.

Mpaka uliozaa boda boda ni kazi ya wakoloni. Mwaka 1902 Waingereza walilitoa Jimbo la Mashariki la Uganda, pamoja na Kisumu, wakalitia katika himaya ambayo baadaye ikawa Kenya. Mstari huo wa magharibi mwa Kenya uliwagawa Wasamia, Wateso na majirani zao, ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta katika nchi mbili. Mji uliokua juu ya mpaka ukabaki na jina moja pande zote mbili: Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Baada ya uhuru wa Uganda mwaka 1962 na wa Kenya mwaka 1963, kila nchi iliweka kituo chake cha uhamiaji na forodha, na kati ya vituo hivyo kikabaki kipande cha ardhi ambacho msafiri alipaswa kukivuka.

Abiria wa basi alishuka upande mmoja, akagongesha karatasi zake, kisha akaelekea upande wa pili na mizigo yake. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli waliiona riziki katika pengo hilo. Baiskeli zao zilikuwa za chuma, nyeusi na nzito, zenye keria pana nyuma. Juu ya keria mwenye baiskeli alifunga mto wa sponji uliovikwa plastiki, ili abiria asiumie. Wanawake wengi walikaa upande, miguu yote miwili ikielekea upande mmoja, mzigo ukiwa mapajani. Mwendeshaji aliwaita wateja kwa kutaja wanakokwenda: "Border! Border!"

Umbo la neno lilitokana na wito huo. Kiingereza kilicholetwa na Waingereza hakitamki "r" ya mwisho, na maneno ya Kibantu huishia kwa irabu, kwa hiyo "border" ikawa "boda" bila taabu. Kurudiwa kwake ni desturi ya wapiga debe, ambao hadi leo hutaja jina la mji mara mbili tatu kwa pumzi moja. Lugha nayo ilikuwa tayari kulipokea neno la namna hiyo, kwa kuwa Kiswahili kina pikipiki, na baadaye Dar es Salaam ikapata daladala. Wito ukageuka jina: kwanza la safari, halafu la baiskeli, mwishowe la mtu anayeiendesha.

Magendo yaliikuza kazi hiyo. Wakati wa utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, bidhaa za kawaida ziliadimika Uganda, na zao la kahawa likawa linauzwa kwa faida kubwa zaidi Kenya. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ilipanda, na soko la Chepkube huko Bungoma likapata sifa kwa kahawa ya Uganda iliyovushwa kwa siri. Baiskeli ilifaa kwa kazi kama hiyo, kwa sababu hupita vichochoroni ambako lori halipiti.

Kutoka mpakani, baiskeli za abiria zilienea hadi Mbale, Jinja na miji mingine ya Uganda yenye ardhi tambarare. Kampala, mji wa vilima, haikuwa rahisi kwa kanyagio. Huko boda boda ilishamiri katika miaka ya 1990, pikipiki zilipoanza kupatikana. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 1986 ilifungua milango ya biashara, na mabasi ya umma ya Uganda Transport Company yakafifia. Mabasi madogo, ambayo Kampala huitwa taksi, yalishika barabara kuu peke yake. Aliyekaa ndani ya mtaa alihitaji chombo kingine, na pikipiki za India, hasa Bajaj Boxer, zikaziba pengo hilo.

Bwaise inaonyesha wazi kwa nini. Mtaa huo umejengwa bondeni, kando ya kinamasi cha Lubigi, na sehemu yake kubwa ilikuwa ardhi ya mafunjo. Nyumba zimesongamana, njia ni nyembamba, na mvua kubwa ikinyesha, mifereji hufurika na maji kuingia vyumbani. Taksi humshusha abiria kando ya Barabara ya Bombo. Kutoka hapo hadi mlangoni kwake, boda ndiyo inayomfikisha. Northern Bypass, iliyofunguliwa mwaka 2009, iliifanya Bwaise kuwa njia panda kubwa zaidi, na waendeshaji wakapata abiria wa kuvusha kutoka barabara moja hadi nyingine.

Hapo lilitumika neno jingine la Kiingereza, "stage", ambalo kwa Waganda limekuwa siteegi. Siteegi ni kituo cha boda, na pia ni chama. Ina mwenyekiti na kanuni zake, na mgeni hulipa kiingilio kabla ya kuruhusiwa kuegesha hapo. Watanzania, kwa kituo kama hicho, husema kijiwe.

Nje ya Uganda neno lilipata sura mbalimbali. Kenya ilikuwa na boda za baiskeli kwa miaka mingi, hadi kuondolewa kwa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo mwishoni mwa muongo wa 2000 kulipozifanya pikipiki zitawale. Tanzania iliweka kanuni za leseni za pikipiki za abiria mwaka 2010, na huko jina la kampuni ya Bajaj likaangukia chombo cha magurudumu matatu, bajaji. Kigali, mwendeshaji huitwa motari, neno lenye asili ya Kifaransa.

Mwaka 2014 kampuni ya SafeBoda ilianza Kampala, ikiwaunganisha abiria na waendeshaji kwa simu. Mwaka 2018 Busia ilipata kituo kimoja cha pamoja cha mpakani, ambako msafiri hukamilisha taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ya Uganda ilizikataza boda kubeba abiria kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Julai, zikabaki kubeba mizigo tu. Katika amri na matangazo ya wakati huo, hata yaliyotolewa kwa Kiingereza, chombo hicho kiliitwa kwa jina lilelile la boda boda. Neno lililotoka Kiingereza limerudi Kiingereza likiwa na maana ambayo Waingereza hawakuwa nayo, na leo ni mali ya Afrika Mashariki.