Mji Uliovuka Mto

Mimi ni seremala. Nikipita mtaa, macho huenda kwanza kwenye mapaa na fremu za madirisha, watu baadaye. Ndiyo maana hapa Calgary sichoki na Inglewood, pale mto Elbow unapomwaga maji yake kwenye mto Bow. Nyumba za mbao za zaidi ya miaka 100 bado zimesimama huko, na sababu ni kwamba mji uliukimbia mtaa huu mapema.

Askari wa North-West Mounted Police walijengewa boma lao la magogo kwenye makutano hayo mwaka 1875, mahali ambapo Wablackfoot walikuwa wakipiga kambi tangu enzi na enzi. Iliposikika kwamba reli ya Canadian Pacific inakuja, watu wakajazana ng'ambo ya mashariki ya Elbow na mahema na vibanda vyao, kila mtu na kiwanja chake, wakingoja stesheni iwatajirishe. Treni ikafika Agosti 1883. Ikawapita. Serikali ilikuwa imeigawia kampuni vipande vya ardhi vya namba witiri, kila kimoja maili moja mraba, na kipande namba 15 kilikuwa magharibi ya mto. Ya nini kushusha abiria kwenye viwanja vya wenzao, na wao wana vyao vya kuuza? Wakaegesha behewa huko, wakaliita stesheni.

Kilichofuata hunichekesha kila nikikifikiria. Mto ulipoganda, watu waliviburuta vibanda vyao juu ya barafu hadi ng'ambo ya pili. Hata posta ilivutwa hivyo hivyo. Kibanda cha namna ile hakina msingi, kimekalia boriti mbili tatu tu zilizolazwa chini. Ukizikaza pembe kwa mbao za mshazari na kuling'oa jiko, farasi wanaondoka nacho.

Waliobaki walibaki na viwanja visivyo na mnunuzi. Kanali James Walker, mwenye kiwanda cha kupasua mbao, hakutikisika. Nyumba yake ya matofali ya mwaka 1910 ipo hadi leo katika hifadhi ya ndege. Mwaka 1892 A.E. Cross akafungua kiwanda cha bia, na mtaa ukawa wa vibarua. Kwa maoni yangu, uchache wa pesa ndio uliozilinda zile nyumba: nani angehangaika kuvunja ili ajenge ghorofa?

Nyumba moja ilivuka kinyume na wenzake. Ilijengwa bomani mwaka 1906 kwa ajili ya mkuu wa kikosi, Richard Burton Deane. Mwaka 1914 kampuni ya reli ya Grand Trunk Pacific ikanunua eneo lile na kuisogeza, ikawa ya mkuu wa stesheni. Mwaka 1929 ikavushwa Elbow kuja mashariki, ikageuzwa nyumba ya kupangisha vyumba. Na hiyo si kibanda, ni nyumba ya ghorofa! Baadaye ikawa mkahawa.

Sasa wenye pesa ndio wanaozigombea nyumba za Inglewood, na mafundi tunaitwa kubadilisha mbao zilizooza, kwa sharti kwamba sura ya mbele isiguswe.