Nani Mwenye Unix? Mgogoro wa Leseni baina ya Kampuni na Chuo Kikuu, 1992–1994

1.0 Utangulizi

Mfumo endeshi ni programu inayoisimamia kompyuta nzima na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Mifumo iitwayo huria hudhaniwa kuwa haina mwenyewe, na kwa hiyo haina ugomvi. Historia yaonyesha vingine. Makala haya yanachunguza kesi ya Unix, ambamo chuo kikuu kilishtakiwa, nacho kikashtaki, kwa ajili ya kazi ya mikono mingi.

2.0 Chimbuko

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell za AT&T, kampuni ya simu ya Marekani. Kwa maafikiano na serikali ya mwaka 1956, kampuni hiyo ilizuiwa kufanya biashara nje ya mawasiliano. Basi iliwapa wanavyuo Unix kwa ada ndogo, pamoja na msimbo asilia, yaani matini ya programu kama ilivyoandikwa. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianza kusambaza nyongeza zake. Hizo zikazidi hata ikawa vigumu kutenganisha kazi ya mwenyeji na ya mgeni.

Ukarimu huo haukudumu. Leseni ya Toleo la Saba, la mwaka 1979, ilikataza msimbo kufundishwa darasani. Ndiyo sababu Andrew Tanenbaum, mhadhiri wa Amsterdam, aliandika mfumo wake wa Minix, uliotoka mwaka 1987. Baada ya AT&T kugawanywa mwaka 1984, kizuizi cha biashara kiliondoka na bei za leseni zikapanda.

3.0 Mashtaka

Mwaka 1991 Berkeley ilitoa Net/2, toleo lililokusudiwa kutokuwa na msimbo wa AT&T. Faili sita tu zilipungua ili mfumo ukamilike. Kampuni ya BSDI ilijaza pengo hilo na kuanza kuuza. Mwaka 1992 USL, kampuni tanzu ya AT&T, iliishtaki BSDI, kisha ikakiunganisha chuo katika kesi.

Mwezi Machi 1993 Jaji Dickinson Debevoise, huko New Jersey, alikataa kutoa amri ya zuio. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba AT&T ilisambaza toleo la 32V bila tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya wakati ule huenda ilikwisha kupoteza haki hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Chuo nacho kilifungua kesi California: USL ilikuwa imeingiza kazi ya Berkeley katika Unix yake bila kuitaja. Leseni ya Berkeley haikudai fedha. Ilidai waandishi watajwe. Sharti hilo dogo ndilo lililovunjwa. Novell iliinunua USL mwaka huohuo, na mapatano yakafikiwa mwanzoni mwa mwaka 1994. Katika faili zipatazo 18,000, tatu tu ziliondolewa, na sabini hivi zikaongezewa tangazo la hakimiliki la USL.

4.0 Athari

Wakati wa mgogoro huo Linux ya Linus Torvalds, iliyotoka mwaka 1991, ilikuwa ikienea. Mwaka 1992 ilihamia katika leseni ya GPL ya Richard Stallman, inayomtaka msambazaji atoe pia msimbo, kwa masharti yaleyale aliyopewa. Berkeley ilisema: taja jina, GPL ilisema: usimnyime mwenzio ulichopewa.

Kiswahili kilifaidika na uhuru wa namna hiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice. Wafasiri hawakuhitaji kumsubiri mwenye programu aone faida katika lugha hii, kwani leseni ilikwisha kuwaruhusu.

5.0 Hitimisho

Katika kesi ya 32V, kunyamaza kulihatarisha haki ya mwenye kazi. Leo, chini ya Mkataba wa Berne, kunyamaza huleta kinyume chake: kazi hulindwa pasipo tangazo, na isiyo na leseni haiwezi kunakiliwa na kuendelezwa kihalali bila idhini. Orodha ya istilahi iliyokusanywa Bunia na kuachwa bila neno hubaki imefungwa, hata kama mkusanyaji alitaka kuitoa sadaka. Kwa hiyo anayekusanya msamiati au kufasiri programu yampasa aandike, tangu ukurasa wa kwanza, majina ya waliofanya kazi na ruhusa wanayotoa. Berkeley na USL waliyaandika hayo baada ya miaka miwili ya mahakama.