Endbr64 inafanya nini ndani ya mashini yangu?

Wenzangu, mimi ni mutu wa agronomi. Mambo ya programu nilijifunza pembeni tu. Siku moja niliandika programu kidogo ya kujumlisha mvua ya kila mwezi, kisha nikafungua zile amri ambazo kompilateri ilitoa. (Kompilateri ni programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za prosesa.) Karibu kila sehemu ilianza na neno endbr64. Mimi sikuliandika. Juu ya nini liko pale?

Turudi Novemba 1988. Programu ya Robert Morris ilienea kwenye mashini nyingi za Marekani. Njia yake moja ilikuwa kujaza data kupita nafasi yake. Data iliyozidi inafunika adresi ya kurudi, ile inayoambia prosesa iendelee wapi sehemu moja ikiisha. Ukiibadilisha, mashini inakufuata wewe.

1998 StackGuard ikaongeza ndani ya kompilateri ya GCC namba ya mlinzi karibu na adresi hiyo: namba ikiguswa, programu inasimama. Baadaye prosesa zikakataa kutekeleza amri zilizofichwa ndani ya data. Watu wakapumua. Lakini 2007 Hovav Shacham akaonyesha kwamba mshambulizi hana haja ya kuleta amri zake, anaunga vipande vya amri zilizomo tayari. Yaani mwizi anapika bugali na unga wako, kwa sufuria yako!

2016 Intel ikatangaza CET. Prosesa inaweka nakala ya pili ya adresi za kurudi, na zikitofautiana inasimamisha kila kitu. Tena, programu ikiruka kwa adresi iliyosomwa kwenye memori, lazima iangukie kwenye endbr64. Sasa, prosesa haijui yenyewe wapi ni mlango halali. Kompilateri ndiyo inapaswa kuweka alama. GCC 8 iliifanya kazi hiyo 2018, na prosesa za kwanza za laptop zenye CET zilitoka 2020. Alama zilitangulia mlinzi! Iliwezekana kwa sababu prosesa za zamani zikikuta endbr64 zinapita tu, hazifanyi kitu. Linux nayo ilikubali ile nakala ya pili kwa programu za kawaida 2023.

Mashini yangu niliinunua okazio, prosesa yake ni ya 2013. Alama zote ziko, mlinzi hayuko. Kinachonilinda ni namba ya 1998 na ule ukatazo wa amri ndani ya data. Basi kila nikipata mega, kwanza nafanya mizajuru.